Mchezo Ambao Baba Aliukubali

Jumamosi, Februari. Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la Atlabara, mtaa wetu hapa Juba, limeingia mpaka kwenye chumvi. Uani kwetu mikeka imetandikwa, wanawake wa kanisa wamekaa. Mimi nimejibanza nyuma ya jiko na simu yangu, eti nachochea moto.

Naandika Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Baba na Mama wanakisema kidogo, kile cha sokoni walichokiokota ukimbizini Uganda. Mimi kanisa lilinipeleka sekondari Kenya, nikarudi na cheti, kompyuta kuukuu na lugha hii. Ndani yake naweza kusema ninachotaka bila mtu kunichungulia.

Basi niseme.

Haboba alikufa Desemba. Baba alijua na mimi nilijua. Mama hakujua mpaka jana.

Haboba ni bibi yetu, mama yake Mama, na Mama ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Alikuwa akiishi shambani kwake Kajo-Keji. Vita vilipofika upande ule watu walianza kuvuka kwenda Uganda, yeye akakataa, akasema ameshakimbia vya kutosha maishani. Alikubali kuondoka siku nyumba zilipochomwa. Hakufika mpakani. Walimzika kando ya njia wakaendelea kutembea. Aliyetupigia simu ni Baba mdogo, ambaye shamba lake lilipakana na la Haboba, na sasa yuko kambini na watoto wake.

Siku hiyo Mama alikuwa kanisani akipamba kwa ajili ya Krismasi. Baba alikata simu, akakaa, kisha akaniambia tunyamaze kwanza. Presha ya Mama iko juu, barabara imefungwa, hata akijua atakwenda wapi? Tutamwambia baada ya sikukuu. Sikukuu ikapita. Ikawa tutamwambia wazee wakikusanyika, kama inavyotakiwa. Wazee wote wako kambini, watakusanyika lini? Mama naye alikuwa ameambiwa mtandao umekatika kule, akaamini, kwa sababu kweli mtandao hukatika.

Wakati huo wote alikuwa akitunza mbegu za karanga katika kopo la maziwa ya unga. Mvua ya kwanza ikinyesha, alisema, atapanda lori aende akamsaidie mama yake kulima. Kila alipolitikisa lile kopo kusikiliza kama mbegu zimekauka vizuri, mimi nilitoka nje.

Sasa habari ya michezo. Ilianza kwa sababu ya Wani.

Wani ni mdogo wangu, na baada yake yupo Kiden, kitinda mimba. Tangu risasi za Julai hapa mjini hawaruhusiwi kutoka getini, na shule inafunguliwa na kufungwa kama mlango wa duka. Siku moja mwezi uliopita Wani alifunga kamba kutoka mlango wa choo mpaka ukutani, akashika ufito kama bunduki, akamsimamisha dada yake. Kabila gani? Kiden akajibu. Wani akamwambia alale chini. Kiden akalala kifudifudi kwenye vumbi, mikono kichwani, sawasawa kabisa, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Mama alimchapa Wani kwa kandambili, halafu akakaa chini palepale akalia.

Jioni Baba akatoa amri kwamba kompyuta ya Poni, yaani yangu mimi, itafutiwe mchezo wa maana, watoto wapate kitu kingine kichwani. Baba siku za kazi anatunza stoo ya mfanyabiashara mmoja mtaani Hai Jalaba, na Jumapili ni msomaji kanisani. Akisema wa maana, anamaanisha wa Kikristo. Kwetu hakuna muziki usio wa kwaya. Karata haziingii. Hata ludo ilifukuzwa, kwa sababu ina dadu, na askari waliogawana nguo za Yesu walizipigia kura, na Baba ana hakika kura ile ilikuwa ya dadu.

Akaweka maswali matatu. Kuna damu? Kuna uchawi? Kuna uongo? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mchezo huo haulali kwenye nyumba yake.

Mimi nafanya kazi kwenye soko la Custom, katika kibanda cha Kato, Mganda mmoja mcheshi. Tunapakia nyimbo kwenye kadi za simu, tunachaji betri, tunafungua simu zilizojifunga. Nilipomweleza maswali ya Baba alicheka mpaka akashika meza.

"Dada, baba yako iko mugumu! Gemu bila damu, bila uchawi, sasa nabaki nini?"

Nikaanza kubeba michezo kwenye flashi kila jioni. Baba alikuwa anaketi kando ya Wani, miwani usoni, mikono magotini, kama anayesikiliza kesi. Wa kwanza ulikuwa wa mbio za magari. Kona ya kwanza tu Wani akagonga mtu, gari likaendelea na safari. "Hakusimama," Baba akasema, na mchezo ukafutwa. Nikaleta mpira. Michoro kwenye mikono ya wachezaji aliivumilia, lakini pembeni mwa uwanja paliandikwa tangazo la kamari. Nikaleta sataranji, nikijua hapo nimefika, mchezo wa watu wenye akili, umetulia, kila mtu amevaa. Baba alipendezwa. Akaniuliza jina la kila kipande. Na huyu? Huyo ni askofu, nikamwambia. Kabla sijaeleza askofu anatembeaje, Kiden alikuwa ameshamla kwa farasi. Baba akavua miwani.

Ule wa maswali ya Biblia aliukubali mara moja. Ila Wani aligundua kwamba ukikosea jibu punda analia. Jioni nzima hakuna nabii aliyetajwa vizuri nyumbani kwetu. Punda alilia mpaka majirani wakauliza, na Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nimfute.

Nilicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba, na nilijionea haya.

Ndipo Kato akanipa wa kilimo. "Mimi iko na hii. Unapanda, unavuna, kwisha maneno. Hata pasta nacheza."

Baba aliukagua kuliko yote. Damu? Hakuna, hata kuku hawachinjwi, wanataga tu. Uchawi? Mahindi yanakomaa kwa saa moja, na hapo aliwaza sana, kisha akasema Mungu akitaka anaweza. Uongo? Alimtazama Wani akipanda, akipalilia, akichota maji. "Hakuna uongo hapa," akasema. "Ukifanya kazi unavuna, ukiacha unakosa. Huo ni ukweli." Akaweka mkono juu ya kompyuta akauombea.

Kompyuta ikaomba jina la mkulima. Alikuwa mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, mkono kiunoni, anatabasamu. Kiden hakufikiri hata kidogo, akamwita Haboba.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anafuta miwani.

Mama mwanzoni alikaa mbali akichambua maharage, masikio yakiwa kwetu. Siku ya pili akasogea. Siku ya tatu akauliza bafra iko wapi, yaani muhogo. Mchezo hauna muhogo. Mama akashangaa, akasema waliotengeneza kitu hiki hawajawahi kulala njaa. Akataka karanga zipandwe katikati ya mahindi, na kompyuta ikakataa kupanda vitu viwili sehemu moja, akakasirika kwelikweli, kama anagombana na mtu wa mamlaka ya ardhi. Tangu hapo kila jioni alikuwepo. Wani alishika kipanya, Mama alitoa amri.

"Mwambie Haboba aende kivulini," alikuwa anasema. "Jua limekuwa kali."

Nilisikia maneno hayo na kuendelea kusugua sufuria. Tena nikiri hapa, nilifurahi. Niliona Mama ameshikwa na kitu, hatikisi kopo tena. Nikajiambia mchezo utamweka kidogo. Utamweka mpaka lini, sikutaka kujiuliza.

Kisha mafuta yakaadimika mjini, jenereta ya Kato ikanyamaza, na kompyuta ikakaa imekufa zaidi ya wiki. Jana mafuta yalipatikana. Nikachaji, nikarudi nayo nyumbani mchana. Ilikuwa Ijumaa, Baba ameruhusiwa mapema, anakunywa chai. Watoto wakanivamia hata viatu sijavua.

Shamba lilikuwa limekauka lote. Mahindi rangi ya kahawia, kuku wamelala ubavu, na maandishi ya Kiingereza katikati ya kioo. Mama akauliza yanasemaje. Wani akamsomea kwa lugha yetu kwamba mazao yamekufa kwa sababu hatukuja. Na yule mwanamke alikuwa amesimama palepale katikati ya shamba, mkono kiunoni, anatabasamu kama walivyomchora.

Kiden akasikitika. "Sasa Haboba atakula nini?"

Wani akaangua kicheko. Mama naye akacheka, kile kicheko chake cha tumboni ambacho hatujakisikia tangu vita, akageuka ili tucheke wote.

Sikuweza.

Nilikuwa nimeshika birika. Nilihisi uso wangu unaniponyoka, nikajaribu kuurudisha, haukurudi. Kicheko cha Mama kikapungua polepole.

"Poni," akasema. Jina langu tu.

Kama ningetazama chini labda ningepona. Nilimtazama Baba. Mama akafuata macho yangu mpaka kwake, na Baba akaweka kikombe chini.

"Lini?" Mama akamuuliza.

Wani alikuwa bado ameshika kipanya.

"Nimeuliza lini."

"Kabla ya Krismasi," Baba akasema.

Mama alikaa akihesabu kitu moyoni. Nilidhani atapiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Krismasi ulinishika mkono tukaomba Mungu ampe afya."

Mimi pia nilikuwepo kwenye maombi yale. Nilisema amina.

Halafu ndipo alipolia. Hakuna aliyetumwa kuita majirani. Juba ya siku hizi kilio cha namna hiyo kila mtu anakitambua, wakaingia na mikeka yao na kuni zao, hata hawakuuliza ni nani.

Leo Mama hajasema nami. Anajibu wanawake, anapokea pole, anawaambia watoto wakanawe. Mimi nikipita ananitazama kama jirani ambaye hajamfahamu vizuri. Simlaumu. Alinyimwa mengi na vita, lakini miezi hii miwili ya kumlilia mama yake hakunyimwa na vita. Tulimnyima sisi, mimi na Baba, kwa upole na kwa maombi.

Asubuhi Baba alichukua kompyuta akatangaza kwamba mchezo ule anaufuta, umeleta balaa ndani ya nyumba. Mama alikuwa mkekani amejifunga kitambaa kiunoni. Hakunyanyua kichwa.

"Uache," akasema. "Huo haukuniambia uongo."

Baba akairudisha kompyuta mezani taratibu, kwa mikono miwili.

Mama akamwita Wani akamwambia ang'oe yale mahindi yaliyokauka. Wani akang'oa moja moja, Mama akitazama kutoka mkekani. Yalipokwisha, Kiden akataka kupanda upya. Mama akakataa. Shamba la marehemu halilimwi mpaka matanga yaishe, akamweleza, na Kiden akakubali kama mtu mzima. Basi limebaki hivyo mezani, udongo mtupu, na yule mwanamke ndani yake.

Kisha Mama akaingia chumbani akatoka na kopo la maziwa. Mbegu zote. Akazimimina kwenye kikaango, akazigeuza mpaka zikanukia, akazitia chumvi, akapita kwa waombolezaji akimpa kila mmoja kiganja chake. Alipofika kwangu alinipa na mimi. Zilikuwa bado moto. Nilizila zote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikujua ningezifanya nini kingine.

Kesho ni Jumapili na Baba anatakiwa kusoma kanisani. Sijui atasimamaje pale mbele. Yangu ndiyo ninayoweza kuamua. Kesho kabla hajaamka mtu nitamsogezea Mama maji ya kuoga, nitapiga magoti, nitamwomba msamaha kwa lugha yake aliyonifundisha yeye, si hii ninayojifichia. Nimekaa hapa nyuma ya jiko tangu mchana nikitafuta neno la kuanzia, na moto umezima.