Somoe Alisoma Gizani

Mfaranyaki, Songea

Mke wangu mpenzi, Mama Halima,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani kwetu Namasakata. Goti lako linaendeleaje? Na shamba la mikorosho limeshafyekwa, au bado unawasubiri vijana? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imenirudisha kwenye lile koti uliloniambia nilitupe.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu hukatika katikati ya maneno, na jambo hili nataka likufikie lote.

Tulipozungumza mara ya mwisho nilikuambia kwamba naliacha darasa langu la saba na kuomba kustaafu mapema. Sababu unaijua: mwalimu mkuu anataka sote tufundishe kwa kishikwambi na projekta, na asiyeweza ampishe anayeweza. Anayeweza ni Mwalimu Devota, binti mdogo kuliko Halima wetu. Si mashine iliyonikera. Kilichonikera ni kuziba madirisha kwa vitenge ili picha ionekane ukutani. Mimi hufundisha kwa kutazama midomo; mtoto akiichezesha bila kutoa neno, najua hajaelewa. Gizani nitaona nini?

Nilimweleza Devota hivyo hivyo. Akacheka kwa adabu.

“Mzee wangu, njoo ukae kwenye dawati kipindi kimoja tu. Hii mashine haiumi.”

“Na wakisinzia?”

“Utawasikia wakikoroma.”

Nikaenda, nikajibana kwenye dawati la nyuma. Hadithi ikatokea ukutani kwa maandishi makubwa, na Devota akauliza ni nani atakayeisoma. Sauti ikaanza polepole, kisha ikakaza mwendo. Sikuitambua. Nikamnong'oneza mtoto niliyekaa naye:

“Nani huyo?”

“Somoe, Mwalimu.”

Somoe ametoka huko kwetu Tunduru. Wenzake humcheka lafudhi yake ya Kiyao, na kila nilipomsimamisha asome, alitazama sakafu mpaka nikamkalisha. Nilidhani hajui kusoma. Siku hiyo alisoma hadithi nzima na hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wameukazia macho ukuta. Hapakuwa na wa kumtazama yeye, hata mimi.

Kipindi kilipokwisha nilimwambia Devota, “Binti yangu, nifundishe.”

“Basi kuanzia leo wewe ndiye utakayeniamkia shikamoo.”

Nilimwonya asivuke mpaka, lakini nilicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Mwalimu mkuu nimemwambia kwamba darasa siliachi. Sasa nafika penye uzito, Mama Halima. Devota atanifundisha likizo hii, kwa hiyo sitakuja kupulizia dawa mikorosho pamoja nawe. Najua umeshawaambia majirani kwamba narudi moja kwa moja. Nakuomba unisubiri mpaka watoto hawa wamalize mtihani wao. Baada ya hapo sina darasa jingine nitakalolililia.

Nisalimie mama yako, na kaka yako mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Halima akija na mjukuu wetu, mbebe kwa niaba yangu, ila goti likikuuma mketi chini.

Ukiwa na hasira, kasirika sasa nikiwa mbali, ili nitakapofika tule pamoja kwa furaha.

Mumeo akupendaye,
Baba Halima