Kabla ya Kufunga Mlango

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula.

Huku Migato tu wazima. Bibi yako anavuna pamba na anakusalimu. Umeuliza kwa nini, ukiwa na cheti cha kuwashauri walevi, bado ufanye kazi chini ya msimamizi mwaka mzima.

Nikiwa kijana nilimfungia mdogo wangu Masanja kwenye ghala la pamba ili aache pombe ya gongo. Siku ya pili alianza kutetemeka, akaanguka kama mwenye kifafa. Tabibu wa zahanati akaniuliza, "Nani alikwambia umkatishe pombe ghafla?" Masanja alipona, ila alikaa miaka bila kunisalimia.

Upendo nilikuwa nao, Kabula. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kabla sijafunga ule mlango.

Babu yako