Alama ya Masikio

Dada Akiru, ejok, hujambo?

Nakitangazia rasmi kijiji kizima cha Lopur: ndugu yenu ameangushwa na kondoo wa Aisilandi, na kofia niliyopewa na kaunti imezama kwenye matope.

Nchi hii haina miti mingi, kama kwetu, ila upepo wake unauma hadi meno. Kondoo hushushwa kutoka milimani kabla ya theluji, kisha watu huwatenganisha kwa alama za masikio. Alama zote zimeandikwa katika kitabu, na mwenyekiti wa baraza la wilaya mwenyewe alikuwa zizini, mavi hadi magotini. Akaniuliza, "Mfugaji mwenzangu, mbuzi wako unawakata masikio vipi?"

Nikamwambia ni siri ya ukoo. Akanipigia saluti!

Dada, mimi sijui. Mbuzi ninaojisifia ofisini Lodwar umewachunga wewe tangu baba afariki.

Nakuombea mvua na afya, nikikiri hili: kaunti ilipotafuta mfugaji wa kuja huku, ilitaja jina lako. Nikasema huwezi kuacha mifugo, nikaandika langu. Sikukuuliza.

Ndugu yako,
Ekai