Bi Arusi Haambiwi Habari za Jaa

...na ndiyo, kama nilivyoandika juzi, nikisikia viatu vyake ngazini moyo bado unanienda mbio, na tumeoana miezi mitano sasa! Lakini leo, Jumatano, mawingu yamekaa tangu alfajiri, na mimi nimemvunja moyo mume wangu. Wala hakunigombeza.

Yeye hufundisha watoto wa kijiji cha Kipungani mambo ya mazingira: mikoko, kasa, taka za plastiki. Wafadhili walitaka kujua kama masomo yanasaidia, basi watoto waulizwe maswali yaleyale mara mbili, kabla ya masomo na baada yake. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, nikapewa kazi ya kuuliza na kujumlisha. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Kazi moja na habibi wangu!

Asubuhi wafadhili wamempigia simu. Mara ya kwanza karibu watoto wote walisema kwao plastiki haichomwi wala haitupwi baharini. Mara ya pili wengi wakasema inachomwa na inatupwa. Kwa hiyo masomo hayakufaa, na muhula ujao hakuna fedha.

"Hesabu zako ni sahihi, Bi Arusi," akaniambia. Bado ananiita hivyo. Kisha akapanda darini peke yake.

Adhuhuri akaja mama mmoja wa Kipungani kuniletea mkeka niliomwagiza, pamoja na binti yake Zuhura, mwanafunzi wa mume wangu. Nikamuuliza Zuhura kwa nini walibadilisha majibu. Akajifunika mdomo kwa mtandio, akacheka.

"Mara ya kwanza ulikuya na piko la arusi mikononi, wanukia udi. Tukaona haya."

Mamake akadakia: "Kwani bi arusi huambiwa habari za jaa? Angesema, ningemfinya! Na sasa hata moto wa taka siwashi kwa raha, huyu yuko nyuma yangu na ndoo ya maji."

Nilikuwa nimetoka fungate wiki ileile ya maswali ya kwanza. Watoto walinipa maneno mazuri, nami kwa furaha yangu nikayaandika yote. Waliponizoea wakanipa ukweli.

Ukweli ndio uliomfelisha mume wangu.

Nimepiga simu kwa wafadhili, nikaeleza. Wakanisikiliza kwa adabu, wakasema ripoti imeshakwenda.

Nimemweleza na yeye. "Kumbe uzuri wako ndio ulionipiga mwereka," akasema, akacheka kidogo, kisha akageuza uso. Sijawahi kumwona akinigeuzia uso. Hataki hata kwenda kuwaaga wanafunzi. Anaona aibu, na aibu ni yangu.

Zuhura aliniuliza mlangoni mwalimu atakwenda tena kwao lini. Jibu lake naliandika hapa.

Mwambie mamako atuwekee chai, Zuhura. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na yeye, hata kama itabidi nimshike mkono njia nzima watu wakitutazama.