Mkoba Niliouacha Juani

Kwako Anti Nduku,

Najua hukutarajia barua yangu. Ile miaka miwili uliyoshona mikoba na Baba hapa Komarock, ulikuwa ukinitania, "Huyu msichana maneno yake anayawekea akiba ya nini?" Leo nimeyaleta, na si mazuri.

Unakumbuka uliponifundisha kuanika mikoba juu ya paa la fleti yetu? Ile ya ngozi isiyotiwa rangi, nyeupe kama unga uliokandwa. Ulinitia mafuta kidogo kiganjani, ukaushika mkono wangu, tukaisugua polepole. "Juani ni asubuhi tu," ulisema, "na uugeuze kama chapati. Jua kidogo linaivisha ngozi, jua jingi linaikausha mpaka ipasuke. Ngozi ni kama mtu wa ofisi, kazi ya nje itamuua." Nilicheka hadi nikaona haya. Baada ya siku chache mkoba ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukanipa niupeleke kwa mteja mwenyewe, kana kwamba ni mimi niliyeushona.

Kisha matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Sikupata nilichotarajia. Wiki hiyo Baba alinikabidhi mkoba wa yule mteja wa Buruburu, zawadi ya mama yake aliyekuwa akistaafu. Nikauanika. Nikasikia akina mama wakipanda ngazi na beseni za nguo, nikajua swali lao: "Naliaka, umepata gredi gani?" Nikateremka mbio kwa ngazi ya nyuma. Sikurudi huko juu siku mbili. Baba alipouliza, nilisema naugeuza.

Siku ya tatu upande wa juu ulikuwa mkavu, kikunjo kimepasuka. Mahali mshipi wake ulipokuwa umelala palibaki mstari mweupe, kama alama ya saa mkononi. Nilichukua mafuta ya kupikia nikapaka ili nifiche. Yakafanya madoa meusi.

Unajua kilichofuata. Mteja aliukataa, na Baba akakugeukia mbele yake, kwa kuwa mafuta yalikuwa kazi yako. "Nduku, haya ni mafuta gani? Ya kukaangia samaki?"

Uliunusa. "Baba Naliaka, mimi nashona mikoba, siipiki. Huu umekaa juani. Muulize mtoto." Ukanitazama, bila hasira hata kidogo. "Naliaka, uliugeuza?"

"Niliugeuza."

Neno moja tu. Mimi ninayetetemeka nikiagiza mkate dukani, nililisema vizuri kabisa.

"Mtoto wangu hasemi uongo," Baba akasema. Ukavua aproni, ukaikunja, ukaiweka mezani. "Sawa, fundi. Mtoto wako hasemi uongo." Ukaenda, na hukurudi tena.

Wiki jana nilisikia kwamba unatafuta kibarua Industrial Area. Nikaja hadi lango la kiwanda. Nilikuona kwenye foleni. Msimamizi alihesabu watu, akakomea kabla ya kukufikia. Ukapita karibu nami ukimwambia mwenzako, "Leo wamenipa likizo," mkacheka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mama anayeuza githeri, sufuria lake la mahindi na maharagwe mbele yangu.

Jana nilimwambia Baba. Aliweka sindano chini. Nilingoja anifokee, lakini akasema, "Nilimwaibisha mbele ya mteja. Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo." Hakula chakula cha jioni. Anataka kuja kwako Jumapili baada ya kanisa akuombe radhi. Nimemwomba aniache nitangulie.

Sikuombi urudi kazini. Hilo ni lako na Baba. Wala sikuombi useme ni sawa, kwa sababu si sawa. Jumamosi asubuhi nitakuwa langoni. Ukinipita bila kunisalimu nitaelewa, lakini nitakuita kwa jina, mbele ya foleni yote, na nitasema sikuugeuza.

Nakutakia uchaguliwe kila siku hadi hapo, Anti, ila Jumamosi msimamizi asikufikie kabla sijakuita.

Ni mimi, Naliaka,
binti wa fundi mwenzako