Firigisi ya Baba Mkwe

Jumamosi, Agosti 2018. Uwanja wa ndege, Doha.

Nje jua linachoma na hata saa mbili asubuhi haijafika. Humu ndani baridi ya kiyoyozi imenikausha vidole. Zimebaki saa tatu kabla ya ndege yangu. Naandika ili nisifikiri, na tayari naona haitasaidia.

Nilikuja kumchukua mke wangu. Wanaonisoma hapa wanajua kwamba Mama Imani ana miaka sita Doha, ni msimamizi wa usafi katika hoteli moja, na mimi niko Bungoma nafundisha na kulea Imani wetu. Mkataba wake unaisha mwezi ujao. Shule zilipofungwa nikanunua shati jipya, nikaja nimwambie kwa mdomo wangu arudi nyumbani.

Jana Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya ibada hata kwetu Wakristo, tulipotoka kanisani Mesaimeer, akasema ananipeleka The Pearl, mtaa wa matajiri, kwenye mkahawa wa Kijapani unaouza mishikaki ya kuku. Nilifurahi. Nilidhani ananipa heshima ya mgeni.

Tulikaa kwenye viti virefu, mbele kabisa ya jiko la makaa. Mpishi alikuwa mzee mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani. Pale kuku haji mzima. Kila kiungo kina kijiti chake: ngozi, moyo, shingo, paja, hadi kitako. Unataja unachotaka, kinageuzwa motoni huku unatazama.

Mama Imani aliagiza bila hata kufungua orodha. Mimi nikaletewa shingo na vipapatio. Yeye akaletewa firigisi, vijiti vinne.

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke huipika, akaiweka juu ya sahani ya mumewe, na ikikosekana kuna kesi. Shingo ni ya wanawake na watoto.

"Unakula nini?" nikamuuliza, kana kwamba sina macho.

"Firigisi. Wewe kula shingo, Baba Imani. Ni tamu ukizoea. Mimi nilizoea kwako miaka tisa."

Akatafuna taratibu, bila haraka yoyote. Nilisikia kila mara meno yalipokutana.

Sasa niseme ukweli hapa, maana pale sikuusema.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mchungaji alitutembelea pamoja na wazee wa kanisa. Kuku akachinjwa. Sahani ikaja bila firigisi. Wanaume wakatazamana, mmoja akakohoa. Nikamwita mke wangu mbele yao wote, nikamwambia aende kwao na asirudi bila firigisi. Alikuwa na unga wa ugali mikononi. Aliapa hakuigusa, nikamwambia anyamaze. Siku ya tatu baba yake alimleta. Mzee wa watu alikuja kwa miguu, jogoo kwapani, akaniomba msamaha kwa kushindwa kumfunza binti yake adabu. Nilimsamehe. Jogoo nilimla.

Aliyekula firigisi ile ni mama yangu, na mimi nilijua.

Nilipita mlangoni mwa jiko nikamwona anaitafuna, amegeukia ukuta; akageuka, macho yetu yakakutana. Ilibidi mmoja aaibike mbele ya wageni, mama au mke, na sikuhitaji hata dakika moja ya kuchagua.

Jana, alipomaliza kijiti cha tatu, Mama Imani alipangusa mdomo.

"Ile firigisi ya mchungaji," akasema, "ni nani alikula?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Mama yangu alifariki mwaka jana. Hakukuwa tena na mtu wa kulinda.

"Hata sijui," nikamjibu. "Hayo ni ya kitambo. Tuongee mambo ya kurudi."



"Mama yako alinipigia simu kabla aage," akasema. "Alilia, akaomba msamaha, nikamsamehe. Akaniambia hata wewe ulimwona pale jikoni. Nikasema sawa, huyu naye nitamngoja. Nitamweka mbele ya firigisi, nimuulize mara moja tu. Akisema ukweli, narudi. Nguo nimeshapanga kwa sanduku, Baba Imani. Unataka kuja kuona?"

Sikutaka kuona. Niliaibika, na kwa uhayawani wangu nilikasirika vilevile, kwamba mama alinisaliti.

Kijiti cha nne hakukigusa. Alimwomba mpishi akifunge kwenye karatasi ya foili, akaniwekea mkononi kikiwa bado cha moto.

"Hii mpelekee baba yangu. Umpe na mkono wako, umwambie ni nani alikula ile ingine na ulijua. Siku atanipigia aniambie umesema, nakata tiketi. Sina lingine."

Ni mzee wa miaka themanini. Mpaka leo akiniona anavua kofia.

Tangu jana sikuwa nimetia kitu tumboni. Ile shingo ilinishinda. Leo asubuhi, hapa nilipoketi, mfuko wangu ulikuwa unanukia moshi wa makaa. Nikaifungua foili nihakikishe tu kwamba nyama haijaharibika. Nikaonja kipande kimoja. Baba mkwe hana meno, nikajiambia, ataitafunaje?

Nimeila yote.

Nimeketi na kijiti kitupu mkononi, naogopa kukitupa. Inauma kukiri kwamba ilikuwa tamu.

Sasa hivi ujumbe umeingia kutoka kwa Mama Imani: "Nimempigia baba. Nimemwambia kuna kitu chake umebeba. Amefurahi sana. Anakungoja kesho, anasema atakuchinjia jogoo."

Na najua mzee atakavyofanya. Mkwe akija, firigisi ni ya mkwe. Ataichukua kwa vidole vyake vinavyotetemeka, aiweke juu ya sahani yangu, kisha akae aningoje nile.

Nitaila na hiyo?