Ushirika wa Umeme na Sahani ya Pilau

Usinge, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Leodgar,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, mimi na mama. Za huko Kaliua sizijui, maana simu zangu hupokei siku hizi. Basi soma.

Tangazo lako limebandikwa kwenye mlango wa mashine yangu ya kusaga. Bei ya umeme inapanda tena, mara ya tatu tangu Pasaka iliyopita, na hukuona haya hata ya kuchagua mlango mwingine. Ushirika huu ni wetu. Mashimo ya nguzo tulichimba wenyewe, kila kaya mawili, na ya kwako nilichimba mimi kwa sababu ulikuwa na semina. Niliuza ng'ombe nikanunua mota, kwa kuwa ulituambia nje ya kanisa kwamba bei haitapanda bila wanachama kukubali. Ukaomba uenyekiti, nikakupigia debe. Bei hii ikianza Machi nafunga mashine, na mama anakula kwa mashine hiyo.

Itisha mkutano mkuu. Sina ombi jingine.

Dada yako,
Advera

Kaliua, 20 Februari 2025

Dada Advera,

Shikamoo. Hatujambo, ila kazi ni nyingi.

Mambo ya uendeshaji ni magumu kwa mtu wa kijijini kuyaelewa. Betri za mitambo ya jua zimechoka. Na mkutano ulishafanyika Novemba, wanachama wakaridhia, sahihi ninazo. Yako ni ya arobaini na moja, tena kwa mwandiko mzuri.

Mdogo wako,
Leodgar, Mwenyekiti

Usinge, 1 Machi 2025

Mwenyekiti,

Marahaba. Nashukuru kwa kuusifu mwandiko wangu.

Daftari lile lilikuwa la pilau. Katibu wako, Pelagia, alisimama mlangoni akasema asiyesaini hapati sahani wala soda. Tukasaini kama kila mkutano, maana huku kwetu sahihi tumeizoea kuwa ya chakula. Huo ni ujinga wetu, naukiri. Wewe uliujua, ukaandika maneno yako juu ya majina yetu baada ya sufuria kukwanguliwa. Wezi wengine huvunja milango, wewe unapika.

Betri sibishani nazo. Nauliza ofisi. Ushirika hauna mteja hata mmoja Kaliua, lakini umekupangia ofisi Kaliua, yenye kiyoyozi kinachotumia umeme wa gridi ya taifa. Umeme wetu hata wewe umekushinda bei.

Katiba ya chama nimeisoma. Theluthi ya wanachama wakisaini, mkutano maalumu unafanyika utake usitake. Kesho naanza kupita nyumba kwa nyumba, na pilau hakuna.

Advera

Kaliua, 12 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Mama hajambo?

Nasikia umeshapita nusu ya kijiji. Dada, sisi damu moja, tusiaibishane. Nimeongea na fundi, mashine yako itarudishiwa bei ya zamani, wewe peke yako, kimya kimya. Hao wengine watazoea. Leo wanalalamika, kesho wamesahau, unawajua watu wetu. Acha hizo karatasi. Barua hii ukishaisoma ichome.

Mdogo wako akupendaye,
Leodgar

Usinge, 31 Machi 2025

Leodgar,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sitakudanganya, nilikaa na barua yako siku tatu. Mashine ilikuwa imefungwa na bei ile niliitamani. Fundi alipokuja nikamrudisha.

Mkutano umefanyika jana baada ya misa. Ulituma udhuru, nikasema mwenyekiti hakuja ila ameandika, nikaisoma barua yako yote kuanzia shikamoo. Nilipofika kwenye "unawajua watu wetu", Raymundi wa zahanati akaomba nirudie. Nikarudia. Hakuna aliyezomea. Walinyanyuka wakajipanga upande wa wanaokuondoa, hadi mstari ukatoka nje ya ukumbi. Bei imerudi ya zamani mpaka vitabu vikaguliwe, na ofisi inahamia huku.

Upande wako alisimama mtu mmoja, mama. Nilimfuata nikamwambia amekosea mstari. Akasema, "Sijakosea. Alichofanya nimekisikia. Lakini nimemzaa, asikose hata mtu mmoja." Akasimama pale, watu wote wakimtazama, mpaka Pelagia akamaliza kuhesabu.

Sijawahi kukudharau kama nilivyokudharau dakika ile. Njoo umsalimie.

Dada yako,
Advera